Inyambo wetu wanahitaji daftari, si mashairi peke yake

Nina kazi mbili: moja inanilisha, nyingine nailisha mimi. Inayonilisha ni teksi hapa Kigali, Toyota ya zamani inayoshinda kati ya Remera, Kimironko na uwanja wa ndege wa Kanombe. Ninayoilisha ni ufugaji wa inyambo huko Karangazi, wilaya ya Nyagatare. Ni wale ng'ombe wa pembe ndefu ambao mababu zetu waliwazalisha kwa ajili ya mwami, yaani mfalme, wawe warefu, wekundu, watulivu, wanaotembea kwa madaha mbele ya watu.

Abiria wakisikia kwamba nafuga, swali huwa ni lilelile: unakamua lita ngapi? Nikiwajibu, wanacheka. Inyambo aliyezaa hunipa lita mbili kwa siku, na hizo ni baada ya ndama kushiba. Jirani yangu mwenye chotara wa Frizian hujaza ndoo asubuhi, akajaza nyingine jioni, na pikipiki ya kituo cha kukusanyia maziwa inamsubiri mlangoni. Kwa hesabu ya maziwa mimi ni mwendawazimu, na kijijini nimeshalizoea jina hilo. Lakini iko hesabu nyingine ambayo nchi yetu haijaipiga, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Mara kwa mara hukodiwa na wageni niwapeleke Nyanza, kusini mwa nchi, kwenye makumbusho ya Rukari ilikokuwa ikulu ya Mwami Mutara wa Tatu Rudahigwa. Wageni wakishaingia ndani ya nyumba kubwa ya nyasi na kutoka, hupelekwa nyuma ya boma. Hapo ndipo wanapotolewa inyambo, wamepambwa shanga kwenye paji la uso, na mchungaji anawaimbia kwa sauti ya chini mpaka wanatulia. Wageni hunyamaza, kisha simu zote hutoka mifukoni kwa wakati mmoja. Malipo yangu ya siku hiyo, nikitoa mafuta, huzidi maziwa ya kundi langu kwa mwezi mzima. Yaani nalipwa kwa kuwapeleka watu kuwatazama inyambo, wala silipwi kwa kuwafanya inyambo waendelee kuzaliwa. Fedha za safari ya Nyanza ndizo zinazonunua chumvi, dawa ya kupe na mshahara wa mchungaji wa Karangazi.

Wenzangu wote ninaowajua wanaofuga inyambo kwa moyo wana kitu cha pembeni. Mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi Kabuga. Mwingine ni mwalimu wa sekondari. Mwingine ana kibanda cha kutuma fedha kwa simu (MoMo) stendi ya Nyabugogo. Hakuna hata mmoja anayekula kutokana na ng'ombe hao. Ng'ombe ndio wanaokula kutokana na duka, chaki na kibanda. Ukiuliza ni nani anayelipia kubaki kwa mbegu hii nchini Rwanda nje ya makundi ya serikali na ya wenye uwezo mkubwa, jibu ni kwamba tunalipia sisi, kwa mishahara ya kazi nyingine.

Mwaka jana nilimpokea Kanombe abiria Mkenya aliyekuja kwenye mkutano. Kwenye dashibodi yangu nimebandika picha ya Rugaju, dume langu. Hatujafika hata Giporoso, akauliza ni nani huyo. Nilipomweleza, akacheka kicheko cha mtu aliyekutana na ndugu. Yeye huzalisha farasi wa mashindano katika Bonde la Ufa, na wakishakomaa huwapeleka kukimbia Ngong, Nairobi. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu mwenye farasi: akiwa Nairobi naye hubeba abiria kwa gari lake mwenyewe, jioni na siku za mapumziko, apate fedha za majani makavu na za daktari wa mifugo.

Basi tukawa madereva wawili katika gari moja. Nikamuuliza: bwana, ikiwa sote tunaendesha ili wanyama wale, tofauti yetu iko wapi? Akatoa simu, akanionyesha picha ya karatasi. Juu kulikuwa na jina la mwanafarasi. Chini yake kulikuwa na baba na mama, kisha babu na bibi wa pande zote mbili, kisha waliowazaa hao, mpaka maandishi yakawa madogo yasiyosomeka. Akasema: "Mzee, bila karatasi hii, huyu ni punda mwenye miguu mirefu."

Tangu siku hiyo sikuacha kulifikiria jambo hilo, kwa sababu huko mnadani Nyagatare ng'ombe wangu hana hata cheo cha punda. Dalali humzunguka, humpapasa mgongo, halafu hutaja bei ya nyama. Pembe ambazo ukoo wetu umezichagua kizazi baada ya kizazi huwa hasara, kwa sababu lori litabeba ng'ombe wachache. Mtamba wa inyambo aliyetoka kwa mama na baba ninaowajua kwa majina huuzwa sawasawa na ng'ombe yeyote mwenye uzito kama wake. Mfugaji wa farasi hajatajirika, maana naye anabeba abiria jioni. Lakini akiuza mnyama, anauza na nasaba yake. Mimi nikiuza, nasaba inabaki kichwani mwangu na mnunuzi anaondoka na kilo.

Historia ya farasi hao ina funzo linalotuhusu. Waingereza walianza kuchapisha daftari la nasaba za farasi wao wa mashindano mwaka 1791, na linaendelea mpaka leo. Ukifuata farasi wote wa aina hiyo duniani kwa upande wa baba, unafika kwa madume matatu tu, yote yaliyotoka nchi za mashariki. Mmoja wao alinunuliwa Aleppo, Syria, akafikishwa Uingereza mwaka 1704. Mwarabu aliyemuuza alipata bei yake mara moja, yakaisha. Waliomnunua wakaandika kila mtoto na kila mjukuu, na maandishi hayo yanawaingizia fedha karne ya tatu sasa. Damu ilitoka kwa mmoja, kitabu kikawa cha mwingine.

Msomaji atasema hayo ni ya farasi na ya Wazungu wa zamani. Basi tuje kwa ng'ombe wetu. Inyambo ni tawi la ng'ombe wa Ankole, jamii ya pembe ndefu inayofugwa kuanzia Uganda magharibi, kupita Rwanda na Burundi, hadi Karagwe nchini Tanzania. Ng'ombe wa jamii hiyo walifika Ulaya na Marekani kama wanyama wa maonyesho katika bustani za wanyama. Mwaka 1983 wafugaji wa Marekani walianzisha chama na daftari lao, wakawapa jina la Ankole-Watusi. Katika daftari hilo kila ndama ana namba, ana baba, ana mama, na kuna madaraja ya kuonyesha damu yake imechanganyika kiasi gani. Mwaka 2003 kitabu cha rekodi cha Guinness kiliandika maksai mmoja wa jimbo la Arkansas, aliyeitwa Lurch, ambaye pembe yake ilikuwa na mzingo wa sentimita 95.25 kwenye shina. Maksai huyo anajulikana duniani kwa jina, tarehe na kipimo. Huku kwetu, kulikotoka mababu zake, sijawahi kumwona mtu anayepita mazizini na futi ya kupimia pembe.

Tazama na Afrika Kusini. Cyril Ramaphosa alivutiwa na ng'ombe wa Ankole alipowaona kwa Rais Museveni nchini Uganda mwaka 2004. Sheria za magonjwa zikazuia kuwaingiza wakiwa hai, basi wakaingizwa kama viinitete na kuzaliwa na mama wa kupanga. Mwaka 2017 alitoa kitabu kizima kuhusu ng'ombe hao, chenye picha kubwa. Leo katika minada ya Afrika Kusini Ankole mmoja mwenye nasaba iliyoandikwa anaweza kuuzwa kwa mamia ya maelfu ya randi. Ni ng'ombe yuleyule. Ungemleta mnada wa Nyagatare bila karatasi, dalali angempapasa mgongo tu.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa jirani zetu Wakenya. Ng'ombe wa Boran ni kazi ya wafugaji wa Borana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, waliowachagua kwa karne nyingi wavumilie jua na kiu. Lakini wenye mashamba makubwa huko Laikipia na kwingineko ndio walioanzisha chama cha wazalishaji wa Boran, mwaka 1951, wakawaandika ng'ombe wao. Miaka ya 1990 viinitete vya Boran vilisafirishwa hadi Afrika Kusini na Australia. Fedha zilikwenda kwa wenye vitabu, na mzee wa Borana aliyeifanya kazi yenyewe hakuwamo katika hesabu. Kwa hiyo sisemi tu kwamba daftari lipatikane. Nasema pia lisipoandikwa na sisi, litaandikwa na mwingine, kisha tutanunua kwake mbegu iliyotoka mikononi mwetu.

Kuna watakaonijibu kwamba Rwanda ina daftari lake tangu zamani, nalo ni mashairi. Ni kweli, na najivunia. Katika Rwanda ya kale kila kundi la inyambo wa mwami lilikuwa na jina lake na lilifungamana na jeshi fulani, kiasi kwamba Padri Alexis Kagame aliweza kuandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1961, kuhusu historia ya majeshi na makundi yao ya ng'ombe. Ng'ombe mmoja mmoja aliwekewa shairi, na mtunzi wake alikuwa na heshima yake barazani. Tena wazee walikuwa na utaratibu wa damu ambao mtaalamu wa leo angeutambua mara moja. Kati ya inkuku, ng'ombe wa kawaida, na inyambo kamili waliweka majina ya katikati, inkerakibumbiro na ibigarama, na mtu alijua kwa jina tu mnyama amefika hatua gani. Wamarekani hawakubuni kitu kipya mwaka 1983. Walichofanya ni kuandika.

Shida ya utaratibu wetu ni kwamba ulikaa vichwani, na vichwa hivyo vilipatwa na yale tunayoyajua. Mwaka 1959 watu walianza kukimbia nchi, wengine na mifugo, wengine bila kitu. Mwaka 1994 waliuawa watu, na ng'ombe wao wakachinjwa na kuliwa. Aliyejua shairi la ng'ombe fulani alikufa, na ng'ombe akafa; aliyebaki alibaki na kipande. Mimi nilizaliwa ukimbizini Karagwe, na ndiko nilikojifunza Kiswahili hiki. Baba yangu akiulizwa nasaba ya Bihogo, mama wa Rugaju, hurudi nyuma vizazi saba, mpaka ng'ombe aliyevuka mto Akagera na babu yangu. Mimi huishia kizazi cha nne. Mwanangu wa kwanza, mhasibu mwenye ofisi nzuri Kacyiru, hawezi kutofautisha inkuku na inyambo, na simlaumu, hajawahi kulala zizini. Vizazi saba, vinne, sifuri: huo ndio mwendo wa nasaba inayotegemea kumbukumbu.

Na mashairi yenyewe siku hizi yamekuwa ya kukodiwa. Nimehudhuria posa nyingi mjini, kama mgeni na kama dereva wa bibi harusi. Mahari ikifika, msifu ng'ombe husimama na fimbo yake na kumimina sifa. Nimemsikia kwa masikio yangu akizisifu pembe za chotara wa Frizian aliyekatwa pembe tangu utotoni. Watu walipiga makofi, na mimi nilipiga pia, kwa sababu shughuli ni shughuli. Lakini sifa isiyo na mahali pa kuhakikiwa haiwezi kumlinda mnyama yeyote.

Kwa nini tumlinde? Hapa huwa nasikia hoja tatu, na zote nazichukulia kwa uzito.

Ya kwanza ni ya maziwa. Mpango wa Girinka ulioanza mwaka 2006 umezipa familia maskini mamia ya maelfu ya ng'ombe, ili watoto wanywe maziwa na shamba lipate samadi. Mwaka 2018 hata Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alipokuja alitoa ng'ombe 200 kwa wanakijiji wa Rweru, Bugesera. Nauunga mkono mpango huo bila masharti. Mama mwenye robo hekta na watoto wanne hahitaji inyambo. Anahitaji ng'ombe wa kukamuliwa leo jioni. Nyagatare sasa ina hata kiwanda cha maziwa ya unga, nacho kinahitaji lita. Siombi mtu yeyote arudishe chotara wake. Ninachosema ni kwamba chotara ana mama, na mama huyo mara nyingi ni ng'ombe wetu wa asili. Mtaalamu wa uhimilishaji anapofika kijijini na mtungi wake wa baridi nyuma ya pikipiki, mbegu anayoibeba ni ya Frizian au Jersey, na kila mwaka mama wa asili wanapungua. Siku tutakapotaka kurudisha ukakamavu wao kwenye makundi yetu, lazima wawepo mahali fulani, na tuwe na hakika kwamba ni wao.

Hili si la kubahatisha. Mwezi wa Septemba 2007, katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Interlaken, Uswisi, watafiti wa taasisi ya mifugo ya ILRI yenye makao yake Nairobi walitahadharisha kwamba ng'ombe wa Ankole nchini Uganda wangeweza kutoweka katika muda wa miaka 20, kwa sababu Frizian walikuwa wakichukua nafasi yao. Walieleza yaliyotokea katika ukame mmoja huko Uganda: waliobaki na Ankole waliweza kuwaswaga kwa miguu hadi maji ya mbali, na baadhi ya waliokuwa wamebadilisha na Frizian walipoteza kundi lote. Mtu wa Mutara, eneo letu la ufugaji huko Nyagatare, hahitaji Uswisi kumweleza hilo. Kiangazi kikikaza kwetu, chotara wa jirani huanguka akisubiri maji ya kubebwa kwenye madumu, na Bihogo huondoka na miguu yake kuyafuata.

Hoja ya pili ni ya ardhi. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu zaidi ya watu milioni 13 katika nchi ya kilomita za mraba 26,338. Hata sehemu ya hii Mutara tunayofugia ilikuwa mbuga ya Akagera, iliyopunguzwa kwa zaidi ya nusu mwaka 1997 ili waliorudi na mifugo wapate pa kukaa. Pa kuongeza hakuna. Nakubali, ndiyo maana sidai inyambo waenee nchi nzima. Mbegu haihitaji makundi makubwa ili iendelee kuishi. Inahitaji makundi machache yaliyotawanyika, madume yasiyo ndugu, na mtu anayejua dume lipi ni ndugu wa lipi. Kundi dogo lisilo na kumbukumbu huishia kupandana baba na binti. Kwa hiyo ufinyu wa ardhi ndio sababu ya kwanza ya kuwa na daftari.

Ya tatu ni nzito kuliko zote, na watu huisema kwa sauti ya chini. Wanasema inyambo wananukia ufalme. Ng'ombe katika nchi hii alikuwa kamba ya kumfunga mtu kwa mtu. Aliyepewa ng'ombe kwa ubuhake alikuwa mtumishi wa aliyempa, na mwami mwenyewe, Rudahigwa, ndiye aliyeufuta utaratibu huo mwaka 1954. Kumbukumbu hizo zina maumivu, na sitaki kuzipaka asali. Jibu langu ni kwamba daftari la wazi ndilo linaloondoa unyapara huo. Zamani inyambo walikuwa wa mwami na walio karibu naye. Leo mwalimu, mwuza saruji na dereva wa teksi wanawafuga kwa fedha zao halali, na yeyote anaweza kununua mtamba wangu bila kunipigia magoti. Kitu kikishaandikwa mahali ambapo kila raia anaweza kusoma, hakibaki kuwa siri ya ukoo wa mtu.

Nikisema serikali iandike nasaba, siiombi jambo ambalo haijawahi kulifanya. Nchi hii ilipima na kusajili vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10 kwa miaka michache tu, na leo mtu huuza shamba akiwa na namba yake kwenye simu. Ng'ombe wetu huvishwa hereni za utambulisho masikioni. Na katika Milima ya Virunga tunajua nasaba ya sokwe mmoja mmoja: familia yake, mama yake, mwaka aliozaliwa. Tangu mwaka 2005 watoto wao hupewa majina katika sherehe ya Kwita Izina, mbele ya wageni wanaotoka pembe zote za dunia. Mgeni hulipa dola 1,500 kumwona sokwe kwa saa moja, na asilimia 10 ya mapato ya mbuga hurudi kwa vijiji vinavyoizunguka, ili jirani wa mbuga aone faida ya mnyama kubaki hai. Nimewabeba watalii hao kutoka Kanombe hadi Musanze, nao husifu mpango huo bila kuulizwa. Mnyama wa porini tumempa jina, faili na mgawo. Mnyama tuliyemuumba sisi wenyewe, kwa kuchagua dume na kuchagua mama, hana hata kimoja cha hivyo.

Basi pendekezo langu ni hili, na halihitaji bajeti ya kutisha.

Bodi ya kilimo na mifugo, RAB, ifungue daftari la taifa la inyambo. Hereni tunazo tayari. Kilichobaki ni kuambatisha kila namba na baba, mama, rangi, kipimo cha pembe na picha. Mahali ambapo nasaba ya nyuma imepotea, nywele za mkia zipelekwe maabara zionyeshe ukaribu wa damu. Wasifu ng'ombe na wafugaji wazee waliobaki waitwe wakae na wataalamu, wachague ng'ombe wa mwanzo wa kuingizwa, wakitumia madaraja yao ya zamani. Wengi wao wamepita miaka 70, na baba yangu ni mmoja wao. Kazi hiyo ikiahirishwa miaka 10 itafanywa bila wao.

Pili, mwenye dume lililoandikwa na linalopandishwa kwa kundi la mwingine alipwe kidogo kila mwaka. Nchi za Umoja wa Ulaya huwalipa wakulima wao kwa kila kichwa cha mifugo ya asili iliyo hatarini, na hawaoni aibu, kwa sababu wanajua mfugaji anatunza mali ya wote. Fedha zinaweza kutoka kwenye tiketi za makumbusho na za safari za utamaduni, kwa mfano uleule wa mbuga. Mimi mwenyewe, kama dereva wa watalii, niko tayari kukatwa sehemu ya nauli ya Nyanza iende huko, mradi nijue inaingia mfuko gani.

Tatu, mbegu za madume yaliyoandikwa ziwekwe kwenye ule mtungi wa baridi wa mtaalamu wa uhimilishaji, ili mfugaji anayetaka inyambo apate kwa njia ileile anayopata Frizian. Ugonjwa wa midomo na miguu ukiingia na karantini ikafungwa, kama inavyotokea Nyagatare mara kwa mara, dume halivuki barabara. Mbegu iliyohifadhiwa inangoja karantini ipite.

Nne, kiinitete au mbegu ya inyambo isivuke mpaka kwenda kuuzwa bila jina la mfugaji aliyemzalisha mnyama huyo kuwamo katika mkataba. Mwaka 2022 Rais Kagame alimpa Jenerali Muhoozi Kainerugaba wa Uganda inyambo kama zawadi, na ilikuwa heshima kwetu sote tunaofuga. Zawadi ya ng'ombe ni mila yetu, na iendelee. Biashara ya mbegu ni jambo jingine, na mzee wa Borana ameshatuonyesha gharama ya kutokuwamo kwenye karatasi.

Sidai kwamba haya yakifanyika nitauacha usukani. Yule Mkenya ana karatasi zote na bado jioni anabeba abiria; ufugaji wa mnyama wa fahari haujawahi kumlisha mtu wa kipato cha kati popote ninapojua. Kuendesha hakunidhalilishi. Barabara ya Nyagatare naifahamu kuanzia Kayonza hadi Ryabega, na hata kamera za mwendo, ambazo madereva tunaziita Sofia, najua kila moja imesimama wapi. Nitaendelea kuwalipia ng'ombe hawa. Ninachokataa ni kuwalipia halafu wauzwe kwa kilo, na ujuzi uliowaumba upotee siku baba yangu atakapofumba macho.

Wafugaji wenzangu, nasi tusikae tukingoja ofisi. Daftari la shule lenye kurasa 96 linatosha kuanzia. Andika namba ya hereni, jina la ng'ombe, jina la mama yake, dume lililompanda na tarehe, kisha mshuhudishe jirani aweke sahihi. Mimi nimeanza na Rugaju na Bihogo, baba yangu akitaja na mwanangu mhasibu akiandika, kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. RAB ikifika Karangazi na daftari lake kubwa, itatukuta na majina tayari, na haitakuwa na sababu ya kuyaandika kwa jina la mtu mwingine.